Daftari la Mahubiri na Mbuzi wa Garissa

Miongoni mwa vyombo vya malezi ya kiroho ambavyo Mkristo wa Kenya hubeba kila Jumapili, daftari la mahubiri, yaani kitabu chenye kurasa tupu ambamo msikilizaji huandika mistari ya Biblia, vichwa vya somo na maazimio yake ya wiki, ndilo linaloheshimiwa zaidi na kusomwa mara chache zaidi. Hubebwa katika mkoba mmoja na Biblia, hufika kanisani hata siku ambayo sadaka imesahauliwa nyumbani, na mwenye nalo hutazamwa na waumini wenzake kama mtu aliyekwisha kupiga hatua. Lakini ni lini alilifungua mara ya mwisho kwa nia ya kusoma wala si kuandika, hilo ni swali ambalo adabu ya ushirika haimruhusu mtu kuliuliza. Insha inaweza kuliuliza, kwa kuwa insha haikai benchi moja na mtu yeyote.

Mji wa Garissa, ulioko ukingoni mwa Mto Tana, unafaa kwa uchunguzi huo kuliko Nyeri au Kisumu, kwa sababu daftari hujaribiwa huko kwa ukali wa pekee. Wakristo wake ni wachache katikati ya Wasomali Waislamu, na wengi wao waliletwa na kazi: walimu waliopangiwa shule, wauguzi, askari, makarani, mafundi wa ujenzi, wauza mboga na nafaka kutoka Ukambani na Meru. Jimbo Katoliki la Garissa, lililoundwa mwaka 1984 baada ya eneo hilo kuwa tangu 1976 prefektura ya kitume, maana yake eneo la kimisionari ambalo halijafikia hadhi ya jimbo kamili, lililelewa kwa miongo kadhaa na watawa Wakapuchini kutoka Malta. Na kando yake yamo makanisa ya Kianglikana, ya Africa Inland Church (AIC) na ya Kipentekoste. Mtu aliyezoea nyumbani kwao kuingia kanisa lolote lililo karibu na kituo cha matatu hujikuta huku akiwa muumini wa kanisa moja tu, anajulikana kwa jina, na hana pa kujificha. Hali hiyo humfanya mtu aandike sana.

Haja ya kuandika yenyewe haina ubishi. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akiwa mwalimu, mwanafunzi na msahihishaji kwa wakati mmoja, ambapo alikariri orodha ndefu za silabi zisizo na maana kisha akapima kiasi alichosahau kadiri muda ulivyopita. Aligundua kwamba zaidi ya nusu ya alichojifunza kilikuwa kimetoweka kabla ya saa moja na nusu kuisha, na kwamba baada ya siku nzima kilichobaki kilikuwa kama theluthi moja. Matokeo hayo yakihamishwa moja kwa moja hadi Garissa, mahubiri yaliyoisha saa sita yatakuwa yamepungua nusu kabla ya wali wa mchana kupakuliwa. Haki inadai iongezwe kwamba Ebbinghaus alitumia silabi zisizo na maana, ilhali mahubiri kwa kawaida huwa na maana, na kwamba yeye mwenyewe alipojaribu kukariri beti za mshairi Byron alihitaji takriban sehemu ya kumi tu ya jitihada. Hata hivyo, hakuyafanya majaribio yake chini ya paa la mabati, mwezi wa Machi, katika nyuzi 36 za joto.

Joto hilo ndilo adui wa kwanza wa daftari. Wino wa kalamu ya biro hulainika ukavuja mfukoni, na mzee wa kanisa aliyeingia na shati jeupe hutoka akiwa na doa la buluu upande wa moyo, ambalo watoto hulikumbuka kuliko somo la siku hiyo. Jasho la kiganja hulowesha ukurasa, mstari wa juu ukajichapa katika mstari wa chini, kisha Waraka kwa Waefeso ukasomeka kana kwamba ulitumwa Filipi. Wanaoandika kiganjani kwenyewe, kwa imani kwamba mkono hausahauliki nyumbani, hugundua kwamba kila anayetoka ibadani hushikwa mkono na mchungaji mlangoni, ndugu na dada wakafuata foleni, na kwamba ifikapo mkono wa kumi, aya ya siku imegawanywa kwa ushirika wote bila yeyote kubaki nayo kamili. Wapo pia wanaoandika pembezoni mwa risiti ya duka, ile karatasi nyororo ambayo haichapwi kwa wino bali hupakwa kemikali inayogeuka nyeusi ipatapo joto. Risiti hiyo ikiachwa nyuma ya kioo cha gari adhuhuri hugeuka nyeusi yote, na maneno ya Injili ya Yohana kuhusu nuru na giza huishia upande mmoja tu wa mjadala huo.

Shida nyingine ni shajara za bure. Kampuni na ofisi nyingi za Kenya hugawa shajara mwishoni mwa mwaka, na zile ambazo hazikupata mwenyewe huzunguka miaka mingi kabla ya kuwafikia watu wa kanisa, hivi kwamba ujumbe wa Pasaka hujikuta umeandikwa katika ukurasa wa Jumatano ya Oktoba, mwaka uliopita zamani, chini ya kichwa kinachomkumbusha mwenye shajara kukutana na wateja. Mtu wa namna hiyo akitaka kushuhudia ni lini aliguswa na neno fulani, hulazimika kufanya hesabu kama za wataalamu wa kalenda za kale, na mara nyingi ushuhuda wake huonyesha kwamba aliguswa miezi sita kabla ya mhubiri kuhamia Garissa.

Kisha kuna mbuzi. Anayetoka bara, ambako mbuzi hufungwa kamba, huchukua muda kuzoea kwamba katika mitaa ya Garissa mbuzi ni mpita njia mwenye haki zote, anayekula maboksi, mifuko ya karatasi na chochote chenye asili ya mti, na kwamba daftari lililowekwa juu ya kiti cha plastiki nje ya nyumba wakati mwenyewe anamimina chai limekwisha kukabidhiwa. Hilo lina mfano wa heshima katika Maandiko, kwa kuwa nabii Ezekieli aliamriwa ale gombo, yaani kitabu cha kale cha kukunjwa, akalila na kuliona tamu kama asali. Iwapo mbuzi wa Garissa hupata ladha hiyo haijathibitishwa, ingawa huwa anarudi kesho yake. Nabii mwingine, Yeremia, alichomewa gombo lake na Mfalme Yehoyakimu, aliyelikata vipande kwa kisu na kuvitupa motoni kadiri lilivyosomwa, naye Yeremia akamwita tena katibu wake Baruku na kumtamkia yote upya, tena kwa nyongeza. Lakini Mkristo aliyeliwa daftari hana pa kukimbilia namna hiyo, kwa sababu mhubiri mwenyewe, akiulizwa Jumatano alisema nini Jumapili, huomba apewe muda.

Madhara yaliyotajwa hadi hapa yanatoka nje ya daftari. Yanayotoka ndani ni makubwa zaidi, na chanzo chake ni ubahili wa karatasi, unaomfanya mtu atumie daftari moja kwa wokovu na kwa matumizi ya nyumbani. Katika jumuiya ndogo ndogo, yale makundi ya familia jirani za Kikatoliki zinazokutana nyumbani mara moja kwa wiki kusali na kusoma Injili, katibu huandika mahitaji ya maombi yanapotajwa. Na endapo ukurasa huo huo ulikuwa na orodha ya sokoni, mahitaji hujipanga kama yanavyotaka. Orodha inayosomeka "sukari, vitunguu, mama mkwe, dawa ya panya" iliandikwa kwa nia njema kabisa, mama mkwe akiwa mgonjwa na panya wakiwa wengi, lakini mume anayeifungua kwa bahati mbaya haoni nia, anaona mpangilio. Maandishi ya mkato huzidisha mambo: "Samehe jirani 3,000" inaweza kuwa tunda la somo la Jumapili juu ya msamaha, au kumbukumbu ya deni ambalo halitalipwa, au yote mawili, na jirani akija kukopa tena, mwenye daftari hajui kama anatakiwa kumkumbatia au kumdai.

Mbele ya mateso hayo yote, Mkristo huyo anaishi jirani na shule ambayo haina daftari la kuliwa. Dugsi ni shule ya Kurani ambayo mtoto wa Kisomali huanza kabla ya kufika shule ya msingi, na chombo chake cha jadi ni loox, ubao mrefu wa mti ambao juu yake mwanafunzi huandika sehemu ya siku kwa kijiti, akitumia wino wa mkaa uliosagwa na kuchanganywa na maziwa au utomvu. Hata irabu za Kiarabu hufundishwa kwa kanuni ya Kisomali ya kuimbwa, ambayo mapokeo humpa sifa ya kuibuni Sheikh Yusuf al-Kawneyn, maarufu kwa Wasomali kama Aw Barkhadle. Mtoto huandika, huimba alichoandika mpaka kimeingia, husikilizwa na maalimu, kisha, na hapa ndipo Mkristo wa bara hushtuka, huuosha ubao. Maandishi yote hufutwa kwa maji ili kesho iandikwe sehemu nyingine. Siku hizi misahafu iliyochapwa na madaftari vimeingia pia, lakini kanuni ya ubao ni ile ile: kinachoandikwa huandikwa kwa sharti kwamba kitafutwa, na anayejua kwamba kitafutwa huhangaika kukihamishia mahali pengine, mahali ambapo mbuzi hafiki.

Wasomali, hata nje ya dugsi, wameishi muda mrefu kwa kumbukumbu bila kuiegemeza katika karatasi. Lugha yao ilipata mwandiko rasmi wa herufi za Kilatini tarehe 21 Oktoba 1972, ilipotangazwa Mogadishu. Kabla ya hapo mashairi marefu, yakiwamo ya Sayid Mohamed Abdulle Hassan aliyefariki mwishoni mwa 1920, yalisafiri nyikani vichwani mwa watu waliokuwa na kazi ya kuyahifadhi na kuyasema bila kumpunja mtunzi neno. Mtoto hufundishwa pia abtirsi, yaani kuhesabu mababa mmoja baada ya mwingine hadi mwanzilishi wa ukoo, na anaweza kuyataja majina zaidi ya ishirini bila kupumua, mbele ya mwalimu kutoka bara ambaye akiulizwa jina la baba wa babu yake husema atapiga simu nyumbani.

Mwinjili Mathayo angemwelewa mtoto huyo vizuri. Alifungua Injili yake kwa abtirsi ya Yesu, akaipanga katika mafungu matatu ya vizazi kumi na vinne, pengine ili msikilizaji asiye na kitabu aweze kuishika. Isipokuwa kwamba fungu la tatu, likihesabiwa kwa vidole, hutoa majina mapya kumi na matatu, na wafafanuzi wamejaza rafu za maktaba wakieleza la kumi na nne limekwenda wapi. Waumini wengi wamekwisha kuunakili ukoo huo katika madaftari yao bila kuona upungufu. Mtoto wa abtirsi angeuona asomewapo mara ya kwanza, naye angeuliza kwa adabu ni babu yupi aliyesahauliwa.

Isidhaniwe kwamba dawa ni kutupa madaftari na kununua mbao. Ukristo umeandika tangu mwanzo, na kwa namna fulani hauna budi. Lakini unapoagiza kuandika, Maandiko yenyewe huagiza na jambo la pili ambalo daftari la mahubiri limeliruka. Katika Kumbukumbu la Torati, mfalme wa Israeli anatakiwa, aketipo katika kiti chake cha enzi, kujiandikia nakala ya sheria. Kisha awe nayo na kuisoma siku zote za maisha yake. Agizo la kuandika linachukua mstari mmoja, na agizo la kusoma linabeba maisha. Mkristo wa leo ameshika nusu ya kwanza kwa bidii inayoshinda ya mfalme, akiwa na madaftari saba ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, mchwa wakimsaidia nusu ya pili.

Kwa kweli, katika mtaa wowote wa Garissa lipo daftari moja linalotimiza agizo la Kumbukumbu la Torati kwa ukamilifu, nalo ni daftari la madeni la mwenye duka. Halina jalada, limelowa mafuta, kurasa zake za mwanzo zimeng'oka, na mwandiko wake hausomeki na mtu mwingine yeyote. Lakini kwa kuwa mwenyewe hulipitia kila jioni kabla ya kufunga mlango, hakuna kilo ya unga iliyowahi kupotea ndani yake, na hata siku mbuzi akilila, deni hubaki. Hilo ndilo jambo ambalo wanasaikolojia waliomfuata Ebbinghaus walilithibitisha kwa gharama kubwa, kwamba kinachorudiwa kwa vipindi hudumu kuliko kilichoandikwa mara moja kwa wino mzuri. Mwenye duka hakuwasoma. Yeye husukumwa na sukari aliyoitoa, na ni vigumu kukataa hoja kwamba mtu hukumbuka anachodai kuliko anachodaiwa.

Hoja hiyo ina upande wake wa hatari. Wakristo wengi, wakishauriwa kuandika safari yao ya kiroho, huanza kwa kuandika walivyoumizwa, na kwa kuwa ukurasa huo wana hamu ya kuurudia, huo ndio husomwa kila jioni kama daftari la duka: nani hakumsalimia nani baada ya ibada, kamati ipi ilinyima kwaya sare, jina la nani liliachwa katika shukrani za harambee. Paulo aliwaonya Wakorintho kwamba upendo hauweki hesabu ya mabaya, na hakuwa na namna ya kujua kwamba siku moja mabaya yatawekewa jedwali lenye tarehe.

Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Shirika la Yesu, alilikwepa tatizo hilo kwa ustadi katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilichochapishwa 1548. Alimwagiza mtu achague kosa lake mwenyewe, si la jirani, achore mistari miwili kwa kila siku ya wiki, na kila anapoanguka atie nukta, mstari mmoja kwa nusu ya kwanza ya siku na wa pili kwa nusu ya pili, kisha alinganishe siku na siku aone kama nukta zinapungua. Faida yake kwa mwalimu anayeishi chumba kimoja na wenzake watatu ni dhahiri, kwa kuwa ukurasa wa nukta haumfichulii mtu yeyote kitu. Ubaya wake pekee ni kwamba mwenzake akiuona atadhani ni alama za mchezo wa karata, na atauliza ni nani anayeshindwa vibaya hivyo.

Yapo maandishi mengine Garissa ambayo hayana mzaha. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, na majina yao yameandikwa kwa sababu nyingine kabisa; hakuna aliyeyaandika kwa kuogopa kwamba angesahau.

Limebaki kitabu kimoja kinachostahili kutajwa, ambacho si cha mtu binafsi. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983 inadai kila parokia iwe na rejista ya ubatizo, na kwamba pembeni ya jina la aliyebatizwa ziongezwe habari za kipaimara chake na ndoa yake, ili kanisa la alikobatizwa lijue habari zake hata akihamia mbali. Kwa watu wa Garissa, ambao karibu wote walibatizwa kwingine, sharti hilo limezaa tawi zima la elimu. Muuguzi anayetaka kufunga ndoa huambiwa alete cheti cha ubatizo kutoka parokia ya kwao, hajui mwaka, humpigia mama yake, ambaye anakumbuka kwa uhakika kwamba ilikuwa mwaka ule mvua ilipobomoa daraja, mtoto akiwa na surua. Katekista wa huko hufungua vitabu vya miaka mitano, akiulizia daraja, na mwishowe humpata mtoto huyo chini ya jina la somo wake wa ubatizo, tofauti na lile la kitambulisho, huku jina la baba likiwa limeandikwa kama padri mgeni alivyolisikia.

Anayelalamikia urasimu huo na amsome Paulo. Mwanzoni mwa Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho mtume anamshukuru Mungu kwamba hakumbatiza hata mmoja wao isipokuwa Krispo na Gayo. Sentensi haijapoa, anakumbuka kwamba aliwabatiza pia watu wa nyumbani mwa Stefana. Kisha anakiri kwamba, zaidi ya hao, hajui kama alimbatiza mtu mwingine. Barua yenyewe iliandikwa na katibu, kwa kuwa mwishoni Paulo anataja kwamba salamu ndizo alizoziandika kwa mkono wake, na inaelekea katibu huyo hakuthubutu kufuta sentensi ya kwanza. Kwa utaratibu wa sasa, Krispo, Gayo na jamaa ya Stefana wangepata vyeti vyao bila shida. Mkorintho mwingine yeyote angeambiwa arudi Jumanne na shahidi mmoja mwaminifu aliyekuwapo, jambo ambalo sheria hiyo hiyo inaliruhusu pale rejista inapokosekana. Na Paulo, kwa maandishi yake mwenyewe, hangekubaliwa kuwa shahidi huyo.